Kiberiti, Mechi na Mchumba

Sogeeni tuanze, na mwenye Kiingereza kingi asinicheke kabla sijafika mwisho. Habari hii inawahusu watu watatu walioijua lugha hiyo kuliko wote kijijini kwao, wakapelekewa neno moja tu la Kiingereza, fupi kuliko kidole, na neno hilo likawapeleka kila mmoja njia yake.

Kijiji kiliitwa Isabula, juu huko kwenye milima ya Rungwe, kwenye chai na migomba, ambako mvua ikianza watu husahau jua lina rangi gani. Hapo aliishi fundi cherehani mmoja aitwaye Enosi, mtu mpole, asiyependa kusema neno asilolijua vizuri. Kiingereza chake kiliishia kwenye namba za futi ya kupimia. Kwa hiyo aliwaheshimu mno wateja wake watatu waliokijua.

Lugano alikuwa mpishi. Miaka kumi na tisa alipika nyumbani kwa meneja wa shamba la chai, mgeni asiyejua hata kuomba maji kwa Kiswahili. Kiingereza cha Lugano kilitoka jikoni: alijua jina la kila sufuria, kila kiungo, na kila namna ya kukaanga yai. Alipokizungumza alisimama wima, mkono mmoja nyuma, kama mtu aliyebeba sinia.

Gwakisa alikuwa kocha wa timu ya wachumaji chai. Yeye lugha aliipata redioni, kwa kusikiliza watangazaji wa mpira kutoka ng'ambo tangu akiwa darasa la tatu. Kiingereza chake kilikimbia. Hakikuwa na nukta wala mkato, na kilipofika karibu na goli kilipanda sauti.

Wa tatu, Bi Subilaga, alikaa Blantyre miaka kumi na miwili akilea watoto wa familia moja ambayo kila Jumapili sebule yake ilijaa wageni waliokuja kuposa na kuposwa. Alipita na chai, akasikiliza. Aliporudi Isabula akawa mshenga, na ndoa ishirini na saba zilipita mikononi mwake. Kiingereza chake kilikuwa laini, cha kuulizia ukoo, tabia na umri.

Enosi aliwashonea wote watatu: Lugano suti ya kanisani, Gwakisa jezi za timu, Subilaga magauni ya vitenge ya kuendea posa. Namba zao za simu alikuwa nazo kwa ajili ya kuwaambia nguo zimekwisha.

Basi, mwezi wa nne mke wa Enosi, Tusekile, alishikwa na uchungu. Enosi akampeleka kwenye kituo cha afya, kilichojengwa peke yake kwenye kilima, mwendo wa saa moja kutoka kijijini. Daktari wa kituo alikuwa Mghana, Daktari Adjei, aliyekuja kujitolea na ambaye alikuwa na miezi mitatu tu nchini. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu, cha kusema pole, na cha kuuliza wapi panauma. Kwa mengine alimtegemea nesi. Lakini siku mbili kabla, nesi alikuwa ameshuka na gari la wagonjwa kumpeleka mtu hospitali ya wilaya, na nyuma yao mvua ikabomoa daraja. Alikuwa ng'ambo ya mto, hana pa kupita. Kituoni walibaki daktari na mlinzi.

Mtoto alizaliwa asubuhi, saa tatu, wa kike, mzima, mwenye sauti. Enosi aliusikia ule mlio akiwa barazani, akajikuta anacheka peke yake. Kisha akasubiri kuitwa, na hakuitwa.

Daktari alipotoka, glovu zake zilikuwa nyekundu hadi kwenye vifundo vya mikono. Alisema maneno mengi kwa haraka, akaona hayafiki. Akamshika Enosi kidole, akamchoma, akaweka matone kwenye kigae cheupe, akayachanganya na dawa, akatazama, akatikisa kichwa. Akafanya hivyo hivyo kwa mlinzi. Akatikisa kichwa tena. Enosi alidhani unatafutwa ugonjwa aliomwambukiza mkewe.

Alichungulia mlangoni. Tusekile alikuwa amelala, midomo imepauka, dripu inadondoka. Aligeuza macho akamwona.

"Umemwona mtoto?" aliuliza.

"Nimemsikia."

"Nenda ukamwone. Mimi nipo tu."

Enosi hakwenda kumwona mtoto. Daktari alikuwa ameshaandika karatasi na kumtia mkononi, akamwonyesha simu, akamwonyesha kichaka cha juu ambako mtandao hupatikana. Enosi akapanda mbio. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza, kwamba daktari anahitaji *match*, haraka sana, na chini yake jina lake. Enosi aliisoma mara tatu. *Match* alilifahamu kwenye mpira, mechi, lakini daktari mwenye damu mikononi hawezi kutaka mechi. Akaona asilolijua asiliguse. Chaji ya simu ilikuwa inakaribia kwisha. Akaunakili ule mstari na jina la daktari herufi kwa herufi, hakuongeza hata neno la Kiswahili asije akaharibu maana, akautuma kwa watu watatu aliowajua kuwa wanajua. Ujumbe wa tatu ulipoondoka, simu ikazima.

Alisimama pale kwenye mvua akiwa ameishika. Kisha akashuka, na alipofika barazani mbele ya mlinzi akasema kwa sauti, hajui hata alikuwa anamwambia nani: "Atakayemwokoa mama wa mtoto huyu, mtoto nitampa jina lake." Huko kwao majina mengi hayabagui wa kike na wa kiume, kwa hiyo ahadi ilikuwa ya kutekelezeka. Mlinzi aliisikia vizuri, na mlinzi yule hakuwa mtu wa kukaa na habari.

Sasa tuwafuate hao watatu.

Lugano alipousoma ujumbe hakuhitaji kufikiri. *Match* ni kiberiti. Neno hilo alilitumikia miaka kumi na tisa, kila asubuhi kabla ya chai. Alichojiuliza ni haraka ya nini. Daktari Adjei havuti sigara. Mtu wa hospitali anayetaka moto kwa haraka, siku ya mvua, anautaka kwa kazi kubwa. Akachukua viberiti vitatu, akavifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga huo kwenye mwingine, akauweka chini ya kofia, akaondoka mbio. Alikuwa na miaka sitini na mbili na goti moja bovu. Njiani aliteleza mara mbili, na mara zote mbili alianguka akiwa ameshika kofia.

Alifika akamkuta daktari amechuchumaa mbele ya jiko la gesi. Umeme haukuwapo, jua la kuchaji betri halikuonekana wiki nzima, na kiberiti cha kituo kilikuwa kimelowa. Njiti zake zilitapakaa sakafuni zimevunjika vichwa. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya kutakasia vyombo kwa mvuke. Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki tumboni mwa Tusekile, na ndicho kilichokuwa kinamtoa damu. Kukitoa kulihitaji vyombo safi, na vyombo vilihitaji moto. Daktari alipoona kile kiberiti kikavu aliketi kabisa chini, akakitazama, akamtazama Lugano. Hakuwa ameandika kuomba kiberiti. Hakuwa na muda wa kulieleza hilo. Lugano akawasha njiti ya kwanza, ikashika, naye akakaa palepale akiusimamia moto kama alivyousimamia maisha yake yote, hadi mvuke ukapiga kwa muda uliotakiwa.

Kile kipande kilitoka. Lakini damu iliyokwisha kumwagika ilikuwa nyingi mno, na Tusekile akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Enosi alimshika mkono, akauona mwepesi na baridi.

Wakati huohuo Bi Subilaga alikuwa njiani, naye hakuwa peke yake.

Tangu daktari huyo aje, Subilaga alikuwa akimsumbua kwa upole kila wakikutana sokoni: mwanamume mzima, kazi nzuri, hana mke, mbona hivyo. Daktari alicheka tu. Sasa ujumbe umefika, umeandikwa kwa Kiingereza kilekile cha sebule ya Blantyre, ambako *match* lilikuwa mchumba anayefaa, wa kulingana naye kwa elimu, ukoo na tabia. Na anamtaka haraka. Subilaga hakushangaa; wanaume, alisema, hukaa miaka hawana haja, halafu siku moja wanataka harusi kabla ya saa sita. Akamwita binti wa kaka yake, Bupe, mwalimu wa chekechea, akamvalisha kitenge kizuri. Bupe alipinga njia nzima. Alisema hajawahi hata kuzungumza na huyo mtu, na kwamba shangazi angesubiri walau mvua ikatike. Subilaga alimfunika kwa mwavuli na kuendelea kutembea.

Walipoingia kituoni wakiwa wamelowa, na hotuba ya posa imekwisha kupangwa, Daktari Adjei alitoka akiwa na aproni ya damu. Subilaga alielewa mara moja kwamba hakuna anayeoa hapo. Akauliza kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile, kwani Kiingereza cha Lugano kiliishia jikoni, daktari akapata mtu wa kumwelewa. Akaeleza. *Match* aliyoitaka ni mtu ambaye damu yake inapatana na ya Tusekile. Kundi la Tusekile ni la nadra. Mumewe hayumo, mlinzi hayumo, na Lugano naye amekwisha kupimwa, hayumo.

Enosi aliposikia Subilaga akiyatafsiri hayo, aliegemea ukuta. Ndipo alipojua alikuwa amebeba nini mkononi alipokuwa kule kichakani.

Bupe akapimwa. Hakufaa. Akabaki Subilaga. Sasa mnatakiwa kujua kwamba mwanamke yule, aliyekwisha kuwakabili wazee wakali wa kila ukoo pale mlimani, aliogopa sindano kama mtoto. Hakuchanjwa tangu utotoni. Mara mbili alitoroka foleni. Alitazama kigae cheupe, akatazama mlangoni, ambako miguu ya Tusekile ilionekana chini ya blanketi.

"Nipimeni," alisema, "lakini mtu anishikie macho."

Bupe akamfunika macho kwa viganja. Daktari akachoma, akachanganya, akatazama muda mrefu kuliko alivyotazama kwa wengine. Akarudia kuhakikisha. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyechoka sana. Mshenga ndiye aliyepatana.

Akalazwa kando ya Tusekile, akatolewa mfuko wa kwanza wa damu, na baada ya daktari kumkagua na kusita, mshenga akasema mwenyewe kwamba kama wa pili unahitajika na hautamuua, uchukuliwe. Alilia kwa sauti ndogo muda wote, viganja vya Bupe machoni pake, na hakuondoa mkono. Damu ikaingia kwa Tusekile, na baada ya muda midomo ikarudisha rangi kidogo. Enosi alikaa katikati ya vitanda viwili, hajui amshukuru yupi kwanza au amwangalie yupi.

Hapo ndipo waliposikia nyimbo.

Kocha Gwakisa alikuwa amemwomba daktari mechi ya kirafiki tangu mwezi wa kwanza: wachumaji chai dhidi ya watumishi wa vituo vya afya vya tarafa. Daktari alimjibu kwamba ipo siku watacheza. Kwa Gwakisa ujumbe ule ulikuwa wazi kuliko jua, mechi imepatikana na inatakiwa leo. Wachezaji kumi na wanne wakatolewa shambani, wakavaa jezi, wakapanda trela la trekta. Trekta likakwama kwenye tope katikati ya njia, wakashuka wakalisukuma, likakwama tena, wakaliacha wakaja kwa miguu wakiimba. Ndiyo maana walichelewa. Waliingia uani wakiwa tope hadi magotini, mpira kwapani, wakamkuta Enosi barazani na uso usio wa mechi. Nyimbo zikakatika moja moja.

Subilaga alieleza akiwa amelala. Daktari akaongeza kwamba alilolifanya limempa Tusekile saa chache, si zaidi; lazima afike hospitali ya wilaya ambako kuna damu ya akiba na daktari wa upasuaji. Gari la wagonjwa linaweza kuja hadi ng'ambo ya daraja lililobomoka. Kutoka kituoni hadi hapo ni kilomita saba za mteremko na utelezi.

Gwakisa hakujibu kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Alipuliza filimbi. Mmoja akapanda kichakani kulipigia gari simu. Wengine wakakata mianzi, wakafunga machela kwa soksi zao za mpira, kwa sababu ndizo kamba zilizokuwapo. Tusekile akalazwa humo, amefunikwa maturubai. Golikipa, aliyekuwa mrefu kuliko wote, alishika chupa ya dripu juu ya kichwa chake njia nzima, na alipochoka mkono mmoja alibadili mwingine. Sita walibeba kwa wakati mmoja. Kila baada ya dakika kadhaa Gwakisa alipuliza filimbi, wanaingia wapya, wanatoka waliochoka, na machela haikugusa chini hata mara moja. Daktari alitembea kando. Enosi alikuja nyuma akiwa amembeba mtoto kifuani ndani ya koti, na ndipo alipouona uso wake kwa mara ya kwanza, kwenye mteremko ule, akiangalia pa kukanyaga kwa jicho moja na mtoto kwa jingine.

Mtoni hapakuwa na daraja. Palikuwa na nguzo mbili na maji ya kahawia. Wachumaji chai wakaingia ndani, wakajipanga mistari miwili wakishikana mikanda, maji yakiwafika kifuani, na machela ikapitishwa juu ya mabega, kutoka bega hadi bega, hadi ng'ambo. Nesi aliyekwama huko ndiye aliyeipokea. Enosi na mtoto wakavushwa nyuma yake. Mlango wa gari ukafungwa.

Siku ya nne Tusekile aliketi kitandani hospitalini, akala ndizi, akalalamika kwamba hazina chumvi. Enosi alitoka nje ya wodi akalia hadi akatosheka.

Hadithi ingeishia hapo kama si mlinzi. Waliporudi Isabula, kijiji kizima kilikuwa kinaijua ahadi ya barazani, na kila mtu alikuwa na jina lake mdomoni. Ofisa wa kuandikisha vizazi alikuwa aje Alhamisi, na fomu yake ina nafasi ya jina moja.

Wale watatu walikuja kumwona mtoto siku moja, kila mmoja akidai amepita tu.

Lugano alisema hataki makuu, lakini afadhali jambo lieleweke. Damu ilikuwa inatoka kwa sababu ya kile kipande, na kipande kisingetoka bila moto. Hata angeletewa pipa la damu, lingeingia juu na kumwagika chini.

Subilaga alisema moto ni kitu chema, lakini kiberiti huuzwa kila duka. Alichotoa yeye hakiuzwi dukani. "Mwenzangu alileta cha mfukoni. Mimi nilileta cha mwilini," alisema, "na mnajua wenyewe nilivyo na sindano."

Gwakisa alisema anawaheshimu wote wawili. Akauliza tu kama wameyasikia maneno ya daktari wa upasuaji, kwamba mgonjwa angechelewa nusu saa nyingine wangempokea maiti. Moto ulikuwa umekwisha kuzimwa, damu ilikuwa imekwisha kuingia, na bado angekufa, kama si miguu. Halafu akakumbusha kwamba watu wake walikuwa kumi na wanne kwenye maji, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameahidiwa kitu.

Lugano akasema kama ni hivyo, basi jina liende kwa wachumaji, si kwa kocha. Gwakisa akamjibu kwamba kwa hesabu hiyo jina liende kwa kiberiti. Subilaga akacheka hadi akashika mbavu, na wote wakacheka, lakini hakuna aliyeondoa dai lake.

Bupe, aliyekuja na shangazi yake, alitaja jambo jingine. Alisema katika watatu hao hakuna hata mmoja aliyelielewa neno la daktari. Yule wa kiberiti alikosea, wa mechi alikosea, na shangazi alikosea kuliko wote, kwani alimtoa mtu nyumbani na kitenge kwenye mvua. Je, mtu hulipwa kwa alichokusudia au kwa kilichotokea? Enosi akakiri kwamba hata yeye, angeongeza neno moja la Kiswahili kwenye ujumbe ule, wote wangeijua shida. Lakini Tusekile akamwambia kwamba wangeijua shida wangekuja na huruma na mikono mitupu, na pengine kiberiti kingebaki jikoni na timu ingebaki shambani.

Walimwuliza daktari. Alicheka akasema kwa Kiswahili chake kipya kwamba yeye dawa anajua, majina hajui.

Walimwuliza Tusekile, ambaye ndiye aliyeokolewa. Alimtazama mtoto, aliyekuwa amelala mdomo wazi bila habari na ubishi wao.

"Nimejaribu kumtoa mmoja wao kwenye hesabu," alisema. "Kila ninayemtoa, nakufa."

Na akamrudishia mumewe kazi, kwa kuwa ndiye aliyeahidi.

Alhamisi ikafika. Ofisa wa vizazi ameketi sebuleni kwa Enosi, amekunywa chai kikombe cha pili, kalamu iko juu ya nafasi ya jina. Nje dirishani yupo mpishi, yupo mshenga, yupo kocha na nusu ya timu yake, na kila mmoja anajifanya anatazama mvua.

Lugano, Subilaga, Gwakisa. Nafasi ni moja na kalamu inasubiri. Nyinyi mlioketi hapa mmesikia yote, hakuna nililowaficha: kama mngekuwa kwenye kiti cha fundi Enosi, mtoto yule angeitwa nani, na hao wawili waliobaki dirishani mngewatokea na maneno gani?